Usiguse Kitu

Skrini ya Daktari Bingwa ilizimika fundi akiwa bado na kidole juu ya kitufe.

"Fundi!" Sauti ilitoka chumba cha pili. "Picha imeondoka huku!"

"Najua, Daktari! Nipe muda kidogo!"

Alijua, tena alijua ni yeye aliyeiondoa. Alikusudia kuandika mia tatu, akaandika thelathini. Sifuri moja tu, jamani, imemponyoka.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Ruta, vile visanduku vinavyoelekeza mawasiliano ya mtandao, hupashana habari za njia: ukitaka kufika mahali fulani, pitia kwangu. Jana ruta moja ilichanganyikiwa, ikaanza kutangaza njia za uongo kwa maelfu, na mtandao mzima wa hospitali ukalala chali. Ndiyo maana leo fundi alitaka kuiwekea kikomo ruta ya kituo cha afya, kile cha mbali nje ya mji. Ikipokea njia nyingi kupita kikomo, ikate mawasiliano kabla haijazidiwa. Basi ikahesabu, ikaona zimepita thelathini, ikakata. Imetii, maskini! Sasa hata fundi mwenyewe hakuweza kuingia kuirekebisha.

Na kule kituoni, juu ya kitanda cha upasuaji, alikuwa amelala mdogo wake wa kike. Daktari wa kule alikuwa bado mchanga kazini, hajawahi kupasua uvimbe wa aina ile. Daktari Bingwa ndiye angemwongoza kutoka hapa hospitali, akitazama kila kitu kwenye picha. Bila picha hakuna upasuaji, na uvimbe haukuwa wa kungoja kesho. Hicho kikomo chenyewe fundi alikiweka kwa ajili yake, mtandao usije ukalala tena akiwa ameshapasuliwa.

Mkuu wa kitengo, mama asiyependa maneno mengi, aliingia bila kubisha hodi. "Umefanya nini?"

"Nimeteleza, bosi. Lakini niliitega."

Kutega ndiyo kinga ya mafundi wa kazi hii. Kabla hujagusa ruta ya mbali, unaiamuru: baada ya nusu saa jizime, kisha jiwashe, isipokuwa nikikuzuia. Ikijizima inasahau yote ambayo hukuyahifadhi, inarudi kama ilivyokuwa. Kazi ikienda vizuri unaitegua. Ikiharibika, unakaa kitako unasubiri.

Kukaa kitako! Fundi alikaa kama kiti kina miiba. Akasimama, akaketi, akainua glasi ya maji aliyokwisha kuyanywa, akaitua. Macho yake yalihama kati ya madirisha mawili yaliyokuwa wazi kwenye kompyuta, la ruta ya kituoni na la ruta ya hapa hospitali.

"Si tuwapigie simu tu waichomoe, halafu waichomeke tena?" mkuu aliuliza.

"Thubutu! Bosi, tusiguse kitu. Nyaya za kule zimesongamana pamoja na za mashine za upasuaji. Mtu akichomoa waya usio wenyewe akaunguza mashine ya dawa ya usingizi, mimi nitamwambia nini mama yangu? Nimeshaitega. Itajiwasha yenyewe."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Daktari Bingwa alichungulia mlangoni, akasonya, akaondoka. Simu ya fundi ikalia. Alikuwa shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, aliyekuwa akizungukazunguka kwenye korido ya kituo cha afya.

"Shemeji, kulikoni? Mke wangu kalazwa pale tangu saa ile, wote wananitazama tu. Wanasema ni kile kisanduku chako."

"Tulia, shemeji. Mambo yako mikononi mwangu. Bado kidogo tu."

Alikata simu. Alimwonea huruma shemeji, akajionea huruma na yeye mwenyewe.

"Imerudi!" Daktari alipiga kelele chumba cha pili. "Naona! Haya, mpeni dawa ya usingizi!"

Fundi aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa mapema kuliko alivyohesabu. "Saa za mitambo hii," alimwambia mkuu, "zinakimbia kuliko zetu."

Mkuu akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Kikomo chako utakiweka kesho. Na uvae miwani."

Kifua cha fundi kilifunguka, nusura alie, na wala asingeona haya. Badala yake mdomo ndio uliofunguka. Akamweleza mkuu kwamba kutega ndiko kunakotofautisha fundi na mbabaishaji, kwamba yeye hajawahi kusahau hata siku moja, kwamba vijana wa siku hizi wana haraka mno. Mkuu alimwacha aseme. Mtu aliyetoka kwenye hofu kama ile huwezi kumnyamazisha.

Simu ikalia tena.

"Shemeji, usinigombeze," mume wa mdogo wake alinong'ona. "Nilishindwa kuvumilia. Nilimwomba nesi anionyeshe kile kisanduku, nikakichomoa, nikakichomeka. Mara picha hiyo! Sijaharibu kitu?"

"Hujaharibu, bwana wee! Tena umetu..." Kicheko kikamkauka fundi mdomoni.

Akalivuta juu dirisha la ruta ya kituoni, akiitafuta ile amri yake ya kutega. Haikuwepo. Ilikuwa kwenye dirisha la pili.

Chumba cha pili Daktari Bingwa alikuwa akizungumza na mwenzake wa kituoni, polepole, kama anayembembeleza mtoto: "Sasa pitisha kisu. Mshipa uko karibu lakini usiogope, mimi nakuona. Nitakwambia ukome."

Ruta ya hospitali ikajizima, kama ilivyoagizwa.