Pacha ya Sita

Siku hizi ndugu wakivutana nani akae na mzazi, huletewa meza ya dhumna, ile inayosema na kuamua. Anayeshinda anaachiwa, anayeshindwa anamchukua mzazi. Eda yangu ilipokwisha, meza ikaletwa kwangu.

Binti yangu Mwanaidi alimaliza kwa pacha, kete yenye sita pande zote. "Nimefunga, kaka."

"Pacha haifungi," Haji akacheka. "Hayo ya mtaani kwako. Kwetu unarudi kuokota."

Meza ikauliza kwa upole, "Mama, nyumba hii inafuata kanuni ipi?"

Wakainama wote wawili. Nikamwomba Mungu anijaalie kusema kweli.

"Marehemu baba yenu alikuwa akifunga kwa pacha."

Mwanaidi alishusha pumzi, nami nikaisikia. Haji akaanza kuukunja mswala wangu, taratibu, bila kuniangalia.