Kanda ya Mapishi

"Kipindi cha mgomo wa akina mama wa sokoni kiliamriwa kifutwe," fundi wa kituo cha redio alimwambia Tunu, aliyekuja kutafuta sauti ya marehemu mama yake.

Bi Rukia, mtangazaji mstaafu wa kituo hicho aliyekuwa ameketi kando, akacheka. Akavuta boksi la kanda aliloliandika mwenyewe zamani: *Mapishi ya Pilau*.

"Niliambiwa nifute, nikabadilisha jina. Wakubwa wale, mwanangu, pilau walijua kula tu. Nani angesikiliza inavyopikwa?"

Kanda ikakwaruza, kisha sauti ya mwanamke ikajaa chumba: "Hatuhami! Anayetaka kuvunja meza zetu aanze na mimi!"

Tunu akaziba mdomo kwa mtandio.

Bi Rukia, kidevu juu, akafungua dirisha linalotazama soko, akaongeza sauti. Huko chini, wauza nyanya wakaanza kuinua vichwa.