Kipande cha Pete

Bi Mwatime aliufungua uzi aliouzungushia pete yake ya ndoa isimchomoke, akamkabidhi sonara pete hiyo aipunguze. Tangu mumewe, Mwalimu Shaweji, afariki, alikuwa amekonda hata uzi haukusaidia tena.

"Nailainisha kwa moto, nakata kipande, kisha naunga," sonara alisema. Pete ikawaka wekundu.

Wekundu ule ulimrudisha jikoni kwake, enzi zile mumewe akimkatiza mapishi kwa fizikia yake.

"Dhahabu hiyo ilizaliwa nyota ilipolipuka, mke wangu. Chembe zake zilibugia vijichembe vingine vingi kwa pupa, zikawa nzito, zikakosa utulivu. Zikawa zinatema kidogo, zinageuka kidogo, mpaka zikatulia zikawa dhahabu."

"Na wewe utatulia lini? Nipishe nisonge ugali." Naye hucheka, asitoke.

Sonara alikata kipande kidogo kama punje ya mchele, akakiweka mbele ya Bi Mwatime juu ya karatasi.

"Hiki nikutengenezee kipini cha pua?"

"Hapana, mwanangu. Kiache kitulie kwanza."

Akakifumbata, akangoja pete yake iungwe. Kiganjani, kipande kilikuwa bado na joto.