Okidi Isiyosikia

Okidi za siku hizi husikia. Nyumba ikiwa na maneno makali, maua ya okidi hugeuka meusi, na hakuna mbolea ya kuyarudisha. Wanachama wa kikundi cha okidi pale Moshi huchagua aina moja, kila mtu akaikuze kwake, kisha huzileta pamoja mezani.

Safari iliyopita okidi ya Aikande ilikuja nyeusi tii, imefunikwa kanga. "Baridi imeiunguza," alisema. Wenzake walimpa pole, kwa haraka mno.

Leo mwenyekiti, Mama Ndekirwa, aliweka mezani miche ya aina mbili. "Huu unasikia hata mnong'ono. Huu mwingine ni wa zamani, hausikii kitu, na ua lake halina sura. Nani anautaka?"

Aikande alinyoosha mkono, macho chini. "Huo wa zamani haufi ovyo," alijitetea, akingoja wamcheke.

Hakuna aliyecheka. Ukapanda mkono mwingine, ukafuata wa mke wa mchungaji, mwishowe wa mwenyekiti mwenyewe. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kikao kikafungwa, chai ikaachwa vikombeni.

Nyumbani, Aikande aliuweka mche dirishani, karibu na mama yake mzee, ambaye siku hizi huuliza jambo lile lile kutwa nzima na hujikojolea kitini.

"Mzuri, mwanangu. Na huu nao unasikia?"

"Hausikii, mama."

Mama akajikunyata kitini, akajifunika kanga mpaka kichwani.