Wa Kumi na Nne

Mume wangu alikuwa bafuni ananyoa ndevu, anaimba wimbo wa kwaya. Mimi nilikuwa mezani namhamishia barua pepe zake kwenye programu mpya, maana yeye na kompyuta ni paka na panya.

Programu ikapanga yenyewe watu anaowajibu upesi. Wa kwanza: Mwalimu wa Kwaya, yule dada mwenye sauti nyororo. Mimi nilikuwa wa kumi na nne, chini ya idara ya maji.

Wa kumi na nne! Mimi ninayempigia pasi hadi kola!

Nikaona mahali pa kuagiza barua za mtu fulani zitumwe kwingine zenyewe. Nikaandika jina la mwalimu, kisha anwani yangu. Ikauliza, "Na za zamani pia?" Nikabonyeza ndiyo bila kupepesa macho.

Simu yangu ikalia. Ikalia tena. Kisha haikunyamaza, ikatetemeka mezani ikijisogeza yenyewe kuelekea kikombe cha chai, barua kumi, arobaini, mia.

Mume wangu akatoka, povu sikioni, wembe mkononi. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Mke wangu," akasema polepole, "nani huyo anayekutafuta hivyo?"