Golini

Kila Alhamisi wanawake wa Nyabiondo, mashariki mwa Kongo, walicheza mpira, kwa sababu muuguzi aliwaambia ungewashusha tansio, yaani shinikizo la damu, na kuwarudishia usingizi uliokimbia na vita. Siku hiyo mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi alifika uwanjani peku, kitenge kimekazwa kiunoni, akaomba kucheza.

Mpira ulikuwa mikononi mwa Kahambu. Wote wakamtazama.

“Bantu ya kwabo njo balichoma nyumba yako,” mwenzake akamnong'oneza.

Kahambu alijua: watu wa kwao mgeni huyo ndio walioichoma, miaka miwili iliyopita. Alitazama miguu ya yule mgeni: visigino vimepasuka, ukucha mmoja umeng'oka.

“Unachezaka wapi?” akamuuliza.

“Mu golo.”

“Ingia basi.”

Mgeni akasimama golini. Kahambu akauweka mpira chini, akarudi nyuma hatua tano, akaupiga kwa hasira yote ya miaka miwili. Ulimgonga yule mwanamke kifuani, akaanguka nao matopeni, ameukumbatia.

Hakuna aliyesogea. Akainuka polepole, akauviringisha mpira hadi miguuni pa Kahambu.

“Piga tena, dada. Sitoki.”

Kahambu akaukanyaga mpira, akawageukia wenzake waliosubiri kugawanywa timu.

“Huyu iko mu ekipe yangu.”