Mnana Amfundisha Njiwa Kusuka

Mnana, fundi wa viota, hakuwahi kushindwa ubishi tangu aote manyoya. Siku moja Njiwa, ndege mpole, akaja kwake kujifunza kusuka.

"Mlango uangalie chini, nyoka asiingie," Mnana akasema.

"Ukiangalia juu si bora, fundi?"

Hapo ndipo Mnana alipopapenda, penye ubishi. Akamwaga hoja saba bila kupumua, ndege wote mtini wakamshangilia. Njiwa akainamisha kichwa. "Umenishinda, fundi."

Mnana akaruka zake, kifua mbele.

Wiki haikuisha, nyoka akala mayai ya Njiwa. Mnana akaenda kutazama, akakuta mlango wa kiota uko juu.

"Si ulikubali mwenyewe?"

"Nilikubali kuwa umenishinda. Lakini bado niliogopa mayai yatadondoka."

Mnana akampeleka achungulie kiota cha kwake, auone ukingo uliosukwa kwa ndani kuyazuia mayai.

Njiwa akautazama sana. "Kumbe ni ukingo huu tu. Mbona hukunionyesha siku ile?"

"Hukuniambia unachoogopa."

"Ningekuambia saa ngapi, fundi? Ulikuwa na kazi ya kunishinda."